Mahadhi ya Gemu Mikononi mwa Wapigaji: Kutoka Tokyo hadi Dublin na Soweto

Tarehe 19 Julai 1991, kampuni ya Square ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Final Fantasy IV. Ilipofika Oktoba mwaka huohuo, nyimbo za mchezo huo zilikuwa zimeshapigwa upya mjini Dublin, Ayalandi, kwa fidla, filimbi za bati na ngoma za ngozi ya mbuzi, na kutolewa katika albamu iitwayo Celtic Moon. Waliozipiga hawakuwa watu wa kompyuta. Walikuwa mafundi wa muziki wa jadi wa Kiayalandi, chini ya mpiga fidla Máire Breatnach, ambaye ndiye aliyezipanga upya.

Tukio hilo halikutikisa dunia, lakini kwa anayefuatilia safari ya muziki wa gemu lina uzito mkubwa. Historia ya muziki huu husimuliwa zaidi kama historia ya mashine: chipu gani ilikuwa na sauti ngapi na ni ipi iliyokuja baada yake. Wanaosahauliwa ni wapigaji. Wao ndio walioyachukua mahadhi yaliyozaliwa ndani ya chipu, wakayatia mapigo ya kwao na ala za kwao, mpaka watu ambao hawajawahi kushika kidhibiti cha gemu wakayapenda. Katika safari hiyo kuna funzo moja linalojirudia: mpangilio hufaulu pale wenye jadi wanapokabidhiwa kazi yenyewe, na huyumba pale jadi yao inapochukuliwa bila wao.

Sauti tano tu

Mashine ya Famicom ya kampuni ya Nintendo iliingia madukani Japani Julai 1983. Chipu yake ilikuwa na njia tano za sauti. Mbili za kwanza zilitoa mlio mkali, na hizo ndizo zilizobeba wimbo na sauti ya kuusindikiza. Ya tatu, iliyokuwa laini zaidi, mara nyingi ilipewa kazi ya besi. Ya nne ilitoa mvumo mtupu, ambao mtunzi aliukatakata kwa ustadi ukasikika kama ngoma na matoazi. Ya tano iliweza kupiga vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa, lakini vipande hivyo vilikula nafasi, na nafasi ndani ya kaseti ya mchezo ilikuwa haba.

Ufinyu huo ulizaa nidhamu. Wimbo ulijirudia tena na tena kwa muda wote ambao mchezaji alikwama mahali pamoja, na kama mahadhi yake yalikuwa dhaifu, hakukuwa na ala tamu ya kuyaokoa. Watunzi wa wakati huo walilazimika kutunga mahadhi yanayosimama yenyewe. Koji Kondo alifanya hivyo mwaka 1985 katika Super Mario Bros., na mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani ikauingiza wimbo wake katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa, ukiwa muziki wa kwanza wa gemu kupewa heshima hiyo. Nobuo Uematsu, aliyezaliwa Kochi mwaka 1959 na kujifunza kinanda bila mwalimu, alijiunga na Square mwaka 1986, akaanza kutunga mfululizo wa Final Fantasy mwaka uliofuata.

Mahadhi ya namna hiyo hayakukaa muda mrefu ndani ya mashine. Mwaka 1984 mwanamuziki Haruomi Hosono, aliyejulikana kupitia bendi ya Yellow Magic Orchestra, alitoa albamu iliyokusanya muziki wa michezo ya kampuni ya Namco. Tarehe 20 Agosti 1987 Koichi Sugiyama aliupeleka muziki wake wa Dragon Quest katika ukumbi wa Suntory jijini Tokyo, ukapigwa na wanamuziki wa okestra mbele ya hadhira. Njia ya kwanza iliyofunguka, basi, ilikuwa ile ya okestra ya Kizungu, ambayo mtunzi yeyote aliyesoma nota alikuwa ameizoea.

Upande mwingine, nyimbo za jadi nazo zilikuwa zinaingia ndani ya chipu. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa mashine ya mkononi ya Game Boy pamoja na Tetris, mchezo uliobuniwa Moscow na Alexey Pajitnov mwaka 1984. Hirokazu Tanaka aliuandalia muziki, na wimbo mmojawapo aliutoa katika Korobeiniki, wimbo wa Kirusi ambao maneno yake yanatokana na shairi la Nikolai Nekrasov la mwaka 1861. Wimbo wa wachuuzi wa vijijini ukageuka kuwa wimbo wa matofali yanayoanguka. Hata leo, mamilioni ya watu wanaouimba kwa midomo wanauita wimbo wa Tetris, na Urusi yake hawaijui. Jadi inaweza kusafiri mbali sana na bado ikapotezewa jina njiani.

Dublin: mkono unapochukua nafasi ya chipu

Super Famicom, mashine iliyotumika kwa Final Fantasy IV, ilitoka Novemba 1990. Chipu yake ya sauti ilibuniwa na Ken Kutaragi wa kampuni ya Sony, ikiwa na njia nane na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Ndani ya nafasi hiyo ndogo Uematsu aliweza kutumia vipande vifupi vilivyorekodiwa vya ala halisi, kwa hiyo masikio yalisikia kitu kinachofanana na fidla au filimbi. Lakini kilikuwa kipande kilekile kikipigwa juu au chini, kila mara kwa namna moja.

Hapo ndipo Celtic Moon ilipoonyesha tofauti. Mpiga fidla wa Kiayalandi hapigi wimbo mtupu kama ulivyoandikwa. Akikutana na nota ndefu, anaweza kuivunja ikawa tano za haraka: nota yenyewe, iliyo juu yake, yenyewe tena, iliyo chini yake, kisha yenyewe kwa mara ya mwisho, zote ndani ya muda uleule wa nota moja. Wimbo ukirudiwa, mapambo yanahama: yaliyokuwa mwanzoni mwa mstari sasa yanakuja katikati, kama mwimbaji hodari wa taarab asivyorudia kibwagizo kwa namna moja mara mbili. Filimbi inatembea sambamba na fidla, zikipiga mahadhi yaleyale lakini kila moja na mapambo yake, na kutokana na kutofautiana huko kudogo muziki unapata uhai. Chini yake mpiga ngoma anashika kijiti kifupi chenye ncha mbili, anakizungusha kwa kifundo cha mkono, huku mkono wa pili ukiikandamiza ngozi kwa nyuma ili sauti ipande na kushuka.

Mambo hayo hayaandikiki yote kwenye nota. Mtunzi wa Tokyo angeweza kununua fidla na vitabu vya nyimbo za Kiayalandi, na bado asingeyapata. Ilibidi kazi ipelekwe kwa waliokua na jadi hiyo. Hekima ya albamu hii ni kwamba aliyeachiwa mpangilio alikuwa Breatnach mwenyewe: mahadhi yalitoka Japani, lakini uamuzi wa namna ya kuyapiga ulibaki Dublin. Wimbo wa mapenzi wa mchezo huo, ujulikanao kama Theme of Love, umekuwa miongoni mwa nyimbo za Uematsu zinazopendwa zaidi, na huko Japani umefundishwa hadi katika somo la muziki shuleni.

Uematsu aliendelea kucheza na mapigo hata ndani ya michezo yenyewe. Chukua wimbo mfupi wa ndege aitwaye Chocobo, anayepandwa kama farasi, aliyeonekana mara ya kwanza katika Final Fantasy II mwaka 1988. Mahadhi yake ni mepesi, mtoto anaweza kuyaimba. Mwaka 1991 yakapigwa kwa mtindo wa samba, mwaka 1992 kwa mambo, na mwaka 1997, katika Final Fantasy VII, yakahamishiwa kwenye mapigo matano. Ukihesabu kwa vidole, utapata moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili-tatu, moja-mbili. Nota za wimbo ni karibu zilezile, lakini mwendo wa ndege umebadilika kabisa. Mfano huu mdogo unafundisha kanuni ya kwanza ya kupanga upya: mahadhi ndiyo yanayotambulisha wimbo, na mapigo ndiyo yanayoamua mwili wa msikilizaji utajibu vipi.

Kijana aliyetishia kuacha kazi

Aliyeifuata njia ya Dublin kwa moyo wote ni Yasunori Mitsuda. Alijiunga na Square mwaka 1992, akapewa kazi ya kutengeneza sauti na milio badala ya kutunga muziki. Akachoka kusubiri, akawaambia wakubwa wake kwamba asipopewa nafasi ya kutunga ataondoka. Akapewa Chrono Trigger, mchezo uliotoka Machi 1995. Alifanya kazi mpaka akaugua vidonda vya tumbo, na Uematsu akaingia kumsaidia kumaliza.

Mwaka 1998 ukaja Xenogears, na miezi michache tu baadaye Mitsuda akatoa Creid, albamu iliyozipanga upya nyimbo za mchezo huo kwa mtindo wa Kiayalandi, ikiwashirikisha wanamuziki wa Kijapani na wa Ayalandi. Safari hii mtunzi na mpangaji walikuwa mtu mmoja, tena mtu aliyekuwa ameshaisikiliza jadi hiyo kwa miaka. Kwa hiyo mwachano kati ya wimbo na vazi lake jipya hausikiki. Mwaka uliofuata, katika Chrono Cross, alipanua uwanja: akachota katika muziki wa nchi za Mediterania, fado ya Ureno, muziki wa Kiselti na midundo ya Afrika. Mchezo wenyewe unafanyika katika visiwa, na muziki wake una sauti ya bandari inayopokea majahazi ya kila upande.

Mambo yanapokwenda kombo

Haki inataka na upande wa pili usimuliwe. Novemba 1998 Nintendo ilitoa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, muziki ukiwa wa Koji Kondo. Ndani yake kuna wimbo wa bonde la Gerudo, wenye gitaa na makofi ya mtindo wa flamenko ya Hispania, ambao wapiga gitaa duniani wameupokea na kuupiga hadi leo. Lakini katika kaseti hiyohiyo, muziki wa Hekalu la Moto ulikuwa na sauti za visomo vya Kiislamu, zilizochukuliwa kutoka kwenye mkusanyo wa sauti unaouzwa kwa watunzi. Sauti za ibada zilikuwa zimetumiwa kama kiungo cha kutia hofu ndani ya pango la moto. Matoleo ya baadaye ya mchezo huo hayana sauti hizo.

Miaka kumi baadaye, Oktoba 2008, jambo linalofanana na hilo lilitokea kwa LittleBigPlanet, mchezo wa studio ya Media Molecule ya Uingereza uliochapishwa na Sony. Diski zilikuwa zimeshatengenezwa ilipobainika kwamba wimbo mmoja una maneno ya Kurani. Sony ikazirudisha diski, ikaahirisha uzinduzi, na toleo lililouzwa likawa na wimbo huo bila sauti ya mwimbaji.

Matukio hayo mawili yanafanana kwa juu tu. Katika la pili, wimbo ulikuwa Tapha Niang, kazi ya Toumani Diabaté wa Mali, fundi wa kora, ala ya nyuzi 21, aliyetoka katika ukoo wa wanamuziki wa vizazi vingi na aliyekuwa Mwislamu mwenye kushika dini. Diabaté alieleza kwamba kwao Mali ni jambo la kawaida kuitukuza dini kwa muziki. Msomaji wa pwani yetu, anayejua kasida na matari ya maulidi na anayejua pia mabishano ya wanazuoni kuhusu ala, ataelewa kuwa suala hili halina jibu jepesi, na kwamba kampuni ilikuwa na sababu ya kuogopa. Hata hivyo tofauti ipo. Katika kisa cha kwanza sauti za waumini zilikatwa na kubandikwa bila jina la mtu. Katika cha pili kulikuwa na msanii mwenye jina, mwenye jadi yake, anayeweza kuulizwa na kujibu. Diabaté alifariki Julai 2024, akiwa ameifikisha kora katika mabara mengi.

Kiswahili chapanda jukwaani

Mwaka 2005 kampuni ya Firaxis ilikuwa inamalizia Civilization IV, mchezo wa kujenga taifa tangu zama za kale hadi zama za vyombo vya anga. Mbunifu wake mkuu, Soren Johnson, alimwomba muziki wa ufunguzi Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya Kichina ambaye alisoma naye Chuo Kikuu cha Stanford. Tin akatunga Baba Yetu: Sala ya Bwana kwa Kiswahili, maneno yakiwa yamerekebishwa na Chris Kiagiri, na kuimbwa na Talisman, kikundi cha kwaya cha chuo hichohicho. Mchezaji alipowasha mchezo, dunia ilimtokea kwenye kioo na Kiswahili kikamkaribisha.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa wimbo mzuri wa gemu na basi. Lakini Tin aliupanga upya. Mwaka 2009 aliufanya kuwa wimbo wa kwanza wa albamu Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 katika lugha 12, safari hii ukiimbwa na Soweto Gospel Choir wakisindikizwa na Royal Philharmonic Orchestra ya London. Waimbaji wa Soweto walileta kile ambacho hakuna chipu inayoweza kukitoa: mwimbishaji anayetangulia na kundi linalomjibu, sauti nene za wanaume chini, na mdundo unaotoka kifuani kabla ya kufika kwenye ngoma. Tarehe 13 Februari 2011 wimbo huo ukashinda tuzo ya Grammy, ukiwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kuipata. Tuzo hiyo ilikuwa ya mpangilio wa ala unaosindikiza waimbaji. Kwa maneno mengine, kilichotuzwa ni kazi ileile ya kupanga.

Sisi wenye lugha tuna haki ya kufurahi, na kwaya za mabara mengi zimejifunza kutamka maneno yetu kwa ajili ya wimbo huo. Tuna haki pia ya kusema ukweli wote. Kiswahili kimo, lakini muziki wa Waswahili haumo. Mwitikio wa sauti ni wa kwaya za Afrika Kusini, na mpangilio wa ala ni wa okestra ya Kizungu. Hakuna ganuni wala udi, hakuna mapigo ya chakacha wala kumbwaya. Tin hakudai kwamba vimo, na wimbo wake umefaulu kwa sababu aliwakabidhi Wasoweto kile wanachokijua. Pengo lililobaki si la kulaumiwa yeye. Ni nafasi ambayo wanamuziki wetu hawajaijaza.

Kazi inayotungoja

Tangu wakati huo mlango umezidi kupanuka. Mashabiki waliokuwa wakizipanga upya nyimbo za gemu kwa mapenzi tu, kupitia jumuiya kama OverClocked ReMix iliyoanzishwa mwaka 1999, walithibitisha kwamba karibu kila mtindo wa muziki unaweza kubeba mahadhi haya. Mwaka 2022 The 8-Bit Big Band ya Marekani ilishinda Grammy ya mpangilio kwa wimbo uliotoka katika mchezo wa Kirby Super Star wa mwaka 1996. Katika Civilization VI ya mwaka 2016, kila taifa lina mahadhi yake yanayobadilika kwa zama nne, yakianza na ala chache na kuishia na okestra kamili. Ya Kongo yametokana na Banaha, wimbo wa jadi wa Kikongomani. Mwaka 2024 ukatoka Tales of Kenzera: Zau, mchezo wa studio ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, uliojengwa juu ya visa vya Wabantu na unaoweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Afrika Mashariki ina kila kinachohitajika kwa hatua inayofuata. Zanzibar ina vikundi vya taarab kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, pamoja na Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kinachofundisha ganuni, udi na fidla kwa vijana. Dodoma ina zeze na marimba za Wagogo, ambazo marehemu Hukwe Zawose alizipeleka kwenye majukwaa ya dunia. Nyanza ina nyatiti yenye nyuzi nane. Na vijana wa miji yetu wamekua na nyimbo za gemu masikioni, wanazijua kuliko wanavyodhani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mpangaji kijana ni huu. Chagua wimbo mmoja wa gemu unaoweza kuuimba bila mashine. Ukishindwa kuuimba, hautapangika. Uvue kila kitu mpaka yabaki mahadhi na besi. Kisha usikae peke yako kwenye kompyuta ukitafuta sauti ya udi iliyorekodiwa na wengine. Nenda kwa mpiga udi, umwimbie, umwache aamue wapi apambe na wapi anyamaze, umlipe, na jina lake liandikwe kando ya lako. Ukitaka kuiuza rekodi, tafuta leseni ya mwenye haki ya wimbo kabla hujaitoa. Breatnach wa Dublin na waimbaji wa Soweto walipewa nafasi, wakaitumia. Mafundi wetu wako hai na wanapiga kila wiki. Wapewe na wao nafasi hiyo wakati bado tunao.